Tochi imegoma, koleo limekaza: kutafuta chanzo cha matatizo ya vifaa vya mfukoni

Adui mkubwa wa kifaa cha mfukoni ni mfuko wenyewe. Kila ninapofungua tochi iliyogoma au koleo la kukunja lililokaza, ndani nakuta mambo yale yale: nyuzinyuzi za nguo, chumvi ya jasho, mchanga laini, na mafuta ya zamani yaliyogeuka ulimbo. Kitu kilichoungua au kuvunjika nakikuta mara chache sana. Ndiyo maana inaniuma mtu anapotupa tochi nzima kwa sababu "imekufa", kumbe ilihitaji kitambaa safi na matone mawili ya spiriti.

Maelezo haya yanafuata dalili, maana mwenye kifaa huiona dalili kwanza, chanzo hukijua baadaye. Kabla ya yote, shika jambo moja: rekebisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kwenye kingine. Ukibadilisha betri, ukasafisha na kukaza swichi kwa mpigo mmoja, tochi ikawaka, hutajua kilichokuwa kibovu ni kipi, na ikigoma tena utaanza upya. Vya kuandaa ni vichache: mswaki mzee, vijiti vya pamba, spiriti, kifutio cha penseli, kibano chenye ncha nyembamba, kipande cha waya mnene, na multimita (kipima umeme) ikiwepo.

## Tochi haiwaki kabisa

Anza na betri, lakini usikubali neno "ni mpya" bila kupima. Betri ya kawaida ya alkalini ya ukubwa wa AA ikiwa mpya husoma volti 1.5 hadi 1.6. Ikisoma 1.2 imebakiza kidogo sana, hata kama bado inaendesha saa ya ukutani. Betri ya NiMH ya kuchaji ni tofauti, 1.2 ndiyo hali yake ya kawaida, hivyo usiitupe kwa kusoma namba hiyo. Betri ya lithiamu-ayoni ikijaa hufika 4.2, na ikishuka karibu na 3 imeshaishiwa. Huna multimita? Chukua betri ambayo umeiona kwa macho yako ikiwasha kitu kingine kwa nguvu.

Kisha tazama imewekwaje. Tochi nyingi za betri moja zinataka upande chanya uelekee kichwani, lakini si zote. Mchoro uko ndani ya bomba au kwenye mkia. Zile zenye kibebeo cha betri tatu ndogo za AAA zina mtego wake: betri moja ikigeuzwa tu, tochi nzima inakaa kimya au inawaka kama mshumaa. Ipo pia tochi yenye pete ya plastiki kuzunguka mguso wa kichwani, iliyowekwa makusudi ili betri ikigeuzwa isiunguze saketi. Pete hiyo huzuia hata betri nzima ya lithiamu ambayo kichwa chake ni bapa, kwa kuwa haina chuchu ya kupenya katikati. Betri si mbovu na tochi si mbovu, ila havifai kuwa pamoja.

Betri nzima, imekaa sawa, na bado giza? Hapo inafaa kuelewa njia ya umeme. Unatoka upande chanya wa betri, unaingia kichwani ilipo taa ya LED na saketi yake, kisha unarudi kupitia bomba la tochi lenyewe. Kutoka kwenye ukingo wa bomba unaingia mkiani, unafika kwenye swichi na springi, ndipo unaingia upande hasi wa betri. Mwili wa tochi ni sehemu ya waya. Njia hiyo ikikatika popote, hata kwa unene wa uchafu usioonekana, hakuna mwanga.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji chombo chochote. Fungua mkia uuweke kando, betri ibaki ndani. Chukua waya mnene, ncha moja iguse kitako cha betri, nyingine iguse ukingo wa bomba pale ambapo chuma kiko wazi bila rangi. Tochi ikiwaka (ile yenye swichi ya pembeni, bonyeza swichi huku umeshika waya), basi kichwa, LED na betri ni vizima, na ubovu uko mkiani. Isipowaka, tatizo liko mbele: mguso wa kichwani ni mchafu, kichwa hakijakazwa, au saketi imekufa kweli. Kwa sekunde kumi umeshaigawa tochi nusu mbili na kujua pa kutafuta. Ila angalia waya usiguse upande chanya na hasi wa betri kwa pamoja, hasa betri ya lithiamu, maana hapo utapata moto.

Ubovu ukiwa mkiani, tazama ndani yake. Utaona pete ya chuma yenye vishimo viwili au mikato miwili midogo. Pete hiyo ndiyo inayobana swichi isilegee, na kwa kuwa mkia hufunguliwa na kufungwa mara nyingi, pete hulegea polepole. Tia ncha za kibano kwenye vishimo na uizungushe ikaze. Kwenye baadhi ya tochi hukaza kwa kuzungusha kinyume, hivyo ikigoma upande mmoja usiitie nguvu, jaribu upande wa pili. Katika tochi zilizopita mikononi mwangu, pete iliyolegea imekuwa chanzo kuliko swichi iliyovunjika, na tofauti ni kubwa sana.

Iko dalili moja inayofanana na hii ila haina tiba. Tochi iliwaka kwa ukali ambao hujawahi kuuona, kisha ikazima moja kwa moja. Uliza ilitiwa betri gani. Betri ya lithiamu ya 14500 ina umbo sawasawa na AA, inaingia bila shida, lakini inatoa volti 3.7 hadi 4.2 badala ya 1.5. Tochi iliyotengenezwa kwa AA pekee huungua saketi kwa hilo. Kabla ya kutia 14500, hakikisha maelezo ya tochi yanaitaja kwa jina.

## Inawaka na kuzima, mpaka uigonge

Ukiigonga inarudi. Kugonga huko kunasukuma vyuma viwili vilivyoachana kidogo vikagusana tena, na hilo peke yake linakuambia kwamba ubovu ni wa mguso.

Safisha sehemu nne: pande zote mbili za betri, springi, ukingo wa bomba, na meno ya mkia na ya kichwa. Kijiti cha pamba chenye spiriti kinatosha. Utashangaa kinavyotoka cheusi. Weusi huo si kutu, ni unga wa aluminiamu unaosagika kila unapozungusha mkia, umechanganyika na grisi iliyozeeka. Ukingo wa bomba ukionekana na utandu wa kijivu, usugue kwa kifutio cha penseli mpaka ung'ae. Msasa sipendekezi, maana unaacha mikwaruzo inayoshika uchafu mwingine, na ukivuka mpaka unaondoa rangi mahali inapotakiwa kubaki.

Baada ya kusafisha, paka grisi ya silikoni kidogo sana kwenye meno na kwenye mpira wa kuzuia maji. Kidogo ni kidogo kweli, kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti. Grisi nyingi hutiririka hadi kwenye ukingo wa bomba na kukurudishia tatizo lile lile. Wapo wanaopaka mafuta ya kujipaka yatokanayo na petroli. Mipira mingine huyavumilia, lakini wa silikoni huvimba na kupoteza umbo, na kwa macho huwezi kujua wako ni wa aina gani. Grisi ya silikoni nayo haifai kwenye mpira wa silikoni, ila mipira mingi ya tochi si ya silikoni, na nimeitumia miaka bila kudhurika.

Ikiwa bado inakatika, tazama urefu wa springi. Springi iliyobanwa muda mrefu hufupika. Ivute taratibu kwa kibano ipande milimita moja au mbili. Usiivute ovyo ikapinda, kwa sababu springi iliyopinda huweza kugusa ukuta wa bomba.

Kuna kuzima kwa namna nyingine: tochi inawaka vizuri katika mwanga mdogo, ukiipandisha juu inazima au inajirudia mwanzo. Hapo mguso unaweza kuwa mzima. Betri za alkalini zina ukinzani mkubwa ndani yake, zikitakiwa kutoa umeme mwingi ghafla volti huanguka na saketi hukata. Tia NiMH iliyochajiwa, jaribu tena. Mara nyingi shida huishia hapo.

## Mwanga unapungua wenyewe baada ya dakika chache

Hapa watu wengi wanaidhulumu tochi. Inawaka kwa nguvu, dakika mbili au tatu inafifia, mtu anasema betri ni feki. Inawezekana, lakini kwanza shika kichwa chake. Kina moto?

LED hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto, na tochi inayoenea kwenye kiganja haina mwili wa kutosha kulitoa. Mtengenezaji huiwekea saketi inayopunguza mwanga kabla taa haijajichoma. Jaribio lake ni rahisi: iwashe kwa nguvu zote, iache ififie, kisha ishike kwa ngumi yenye ubaridi au uipulizie upepo. Mwanga ukipanda polepole, ni joto, na tochi yako ni nzima. Usipopanda, izime na kuiwasha tena. Ukirudi pale pale juu huku mwili ukiwa wa uvuguvugu tu, basi ina saa ndani inayopunguza mwanga baada ya muda maalumu, nayo si ugonjwa. Ikigoma kurudi juu kwa namna zote mbili, sasa ishuku betri.

Namba za kwenye boksi zinachangia sana malalamiko haya. Kwa kipimo cha ANSI FL1, kanuni ya Marekani ya kupima tochi iliyotoka mwaka 2009, muda wa kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo tochi ya lumeni 1,000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) iliyoandikwa saa mbili inaweza kuwaka kwa lumeni 1,000 kwa dakika chache tu, ikamaliza muda wote uliobaki ikiwa na mia mbili au chini, na maandishi yakabaki ya kweli. Sioni kama ni haki kwa mnunuzi, lakini ndivyo kipimo kilivyo. Mimi siku hizi naangalia kiwango cha kati: inatoa lumeni ngapi bila kushuka, kwa muda gani. Lumeni 100 hadi 200 thabiti zinatosha kukagua injini, kupanda ngazi gizani au kutafuta ufunguo ulioanguka.

Mwanga unaokatikakatika ukipunga vidole mbele yake, kana kwamba una picha nyingi za mkono, nao si ubovu. Ni njia ya saketi kupunguza ukali kwa kuwasha na kuzima LED haraka mno. Macho mengine huchoshwa nao.

## Betri imekwisha wakati tochi haikutumika

Ukiacha betri iliyozeeka, vyanzo ni viwili, na vinatofautishwa kwa subira. Tochi yenye swichi laini ya pembeni haizimi kabisa. Saketi yake hukaa macho ikisubiri kidole chako, ikinywa umeme kidogo kidogo. Zilizotengenezwa vizuri hunywa kidogo kiasi kwamba betri hukaa muda mrefu. Zilizotengenezwa vibaya humaliza betri kwa wiki kadhaa. Chaji betri, iache nje ya tochi wiki mbili, ipime. Ikibaki imejaa, mlaji ni tochi. Ikishuka yenyewe mezani, betri imezeeka.

Chanzo cha pili ni kuwaka mfukoni. Swichi inakandamizwa na funguo au simu, tochi inawaka dakika arobaini bila wewe kujua. Dalili yake ni betri inayokwisha ghafla siku moja baada ya kudumu vizuri, au paja kuhisi joto.

Tiba inayofahamika ni kulegeza mkia robo zungusho ili umeme ukatike, lakini ina sharti ambalo nililijua baada ya hasara. Nililegeza tochi yangu ndogo hivyo, nikaitia mkobani pamoja na kitambaa cheusi cha nailoni. Nilipofungua mkoba, kitambaa kilikuwa kimetoboka tundu la ukubwa wa kidole, na tochi haishikiki kwa moto. Kumbe meno ya tochi ile hayakuwa na rangi. Rangi ngumu ya aluminiamu haipitishi umeme, na ndiyo inayofanya kulegeza kidogo kukate njia. Meno yakiwa chuma kitupu, umeme unaendelea kupita hata mkia ukiwa umelegea. Jaribu mezani leo: legeza robo zungusho, bonyeza swichi. Ikiwaka, kulegeza hakukulindi. Tumia namna ya kuifunga kwa swichi kama inayo, la sivyo toa betri.

Na betri ya lithiamu ikitolewa, isitupwe mfukoni bila kasha. Funguo au sarafu zikiunganisha ncha zake, hupata moto ndani ya sekunde.

## Haichaji

Mulika ndani ya tundu la chaji kabla ya kulaumu chochote. Nyuzinyuzi za mfukoni hukandamizwa na kebo kila unapochomeka, zinakuwa kama zulia gumu kwenye sakafu ya tundu, na kebo haiingii mpaka mwisho. Zitoe kwa kijiti cha meno cha mbao, si sindano.

Tundu ni safi na bado haichaji kwa chaja ya simu ya kisasa? Tafuta kebo ya zamani, yenye kichwa kipana cha USB-A upande wa chaja. Chaja yenye tundu la USB-C haitoi umeme mpaka itambue kifaa kilichochomekwa, na hukitambua kwa rezista mbili ndogo za kilo-omu 5.1 zilizo ndani ya kifaa. Watengenezaji wengine wa tochi hawakuziweka. Tochi hizo hazitachaji kwa kebo ya C kwa C milele, lakini kwa kebo ya A kwa C zinachaji bila tatizo. Nimeona watu wakirudisha tochi mbili, tatu, bila kujua kwamba suluhisho ni kebo iliyosahaulika kwenye droo.

Betri inayochajiwa nje, ikisoma 0 kwenye multimita, huenda saketi yake ya ulinzi imejifunga. Chaja nyingine huiamsha. Ikiamka na kusoma chini ya 2.5, iache, betri ya lithiamu iliyoshuka mno huharibika ndani, na kuilazimisha kuchaji ni hatari. Vilevile usichaji lithiamu kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 0.

## Betri imevuja ndani

Unga mweupe au wa bluu-kijani karibu na springi ni alama ya alkalini iliyovuja. Majimaji yake ni potasiamu haidroksidi, yanachoma ngozi na macho, kwa hiyo vaa glavu. Toa betri, kung'uta unga, kisha paka siki au maji ya limau kwa kijiti cha pamba. Kutatoa mapovu. Rudia mpaka mapovu yaishe, futa kwa kitambaa chenye maji kidogo, maliza kwa spiriti, iache wazi ikauke usiku mzima. Springi iliyoliwa ikabaki nyembamba ni bora ibadilishwe, maana itakusumbua mwezi hadi mwezi.

Betri ikinasa kwa kuvimba, gonga bomba kwenye ubao, mdomo ukitazama chini. Usiitoboe kwa keekee.

Uvujaji mara nyingine huanzia kwa kuchanganya: betri moja mpya na nyingine nusu, au aina mbili tofauti. Ile dhaifu humalizwa kwanza, kisha yenye nguvu huendelea kusukuma umeme ndani yake kinyume. Kwa alkalini matokeo ni kuvuja. Kwa jozi ya CR123A, betri fupi nene za lithiamu, inaweza kuwa kulipuka. Na kwa tochi ya dharura inayokaa kwenye gari au droo miezi mingi, alkalini haifai kabisa. Tia AA za lithiamu zisizochajiwa: ni nyepesi, gramu kama 15 badala ya 23, hazivuji kirahisi, na zinavumilia miaka mingi ya kukaa.

## Ukungu ndani ya kioo

Maji yameingia, au hewa yenye unyevu ilifungiwa ndani. Fungua kila kinachofunguka, weka mahali pakavu penye upepo siku moja au mbili. Kagua mpira wa kuzuia maji kama umechanika au umekauka. Alama ya IPX7 kwenye tochi maana yake inavumilia mita moja ya maji kwa dakika 30, wakati mpira ukiwa mzima.

## Koleo limekaza, zana hazifunguki bila kuvunja kucha

Tuhamie kwenye kifaa cha zana nyingi, kile koleo cha kukunja chenye kisu, bisibisi na msumeno mikononi mwake. Kikikaza, mkono wa kwanza wa watu wengi huenda kwenye mafuta. Ndipo kosa lilipo. Mafuta juu ya uchafu hutengeneza matope ya kusagia, na kwa siku mbili kinalainika, ya tatu kimekaza kuliko mwanzo.

Kioshe kwanza. Fungua zana zote ziwe nusu wazi, zamisha kwenye maji ya moto yenye sabuni ya vyombo dakika kumi, kisha fungua na funga kila zana ndani ya maji hayo mara ishirini au zaidi. Piga mswaki kwenye maungio. Maji yakichafuka, badilisha. Suuza, kung'uta, kausha kabisa, ukiweza kwa upepo wa joto la wastani, kwa sababu maji yanayobaki ndani ya ungio ndiyo kutu ya wiki ijayo. Sasa ndipo tone moja la mafuta mepesi liende kwenye kila ungio, zungusha zana, futa yote yanayotoka. Kama kisu kinakata chakula, tumia mafuta ya madini yasiyodhuru mlaji. Mafuta ya kupikia hukauka na kunata. Dawa za kupuliza za kufukuza maji ni nzuri kwa kulegeza kilichoshikana, lakini si kilainishi cha kudumu, zinaacha utando unaovuta vumbi.

Kikiwa safi na bado kigumu, skrubu ya ungio imekazwa kupita kiasi. Ilegeze kwa bisibisi ya nyota ya torx inayolingana, mara nyingi T6 hadi T10, kwa nyuzi chache tu za mzunguko. Skrubu nyingine zina kipini katikati ya nyota, na zinahitaji bisibisi yenye tundu.

## Limelegea, zana zinacheza

Ni skrubu ile ile, upande wa pili. Kaza kidogo, fungua na funga, kaza tena. Zana ikianguka yenyewe umekaza pungufu, ikikwama umezidisha. Ikilegea kila wiki, itoe, ifute kwa spiriti, weka tone dogo la gundi ya skrubu ya rangi ya bluu kwenye meno yake, urudishe na uiache saa 24. Nyekundu usiiguse, hiyo haifunguki bila moto mkali. Wala usiruhusu gundi iteremke hadi kwenye ungio lenyewe.

Kisu kilichofungwa kwa ribiti hakina skrubu. Unaweza kugonga kichwa cha ribiti taratibu juu ya chuma kizito, mapigo mepesi, ukijaribu kila baada ya pigo. Nafanya hivyo kwa woga, na kwa kisu cha thamani sifanyi.

## Kutu kwenye chuma "kisichoshika kutu"

Chuma hicho hakishiki kutu haraka, ndivyo jina linavyopaswa kusomeka. Kina kromiamu, angalau asilimia 10.5, inayotengeneza utando mwembamba juu yake. Chumvi ya jasho au ya bahari hutoboa utando huo. Vidoa vya rangi ya chai vinatoka kwa kusugua na soda ya kuokea iliyolowanishwa. Vilivyochimba vishimo havitoki, vizuie tu visizidi kwa mafuta. Ukivaa kifaa karibu na mwili na unatokwa jasho, kifute kila jioni. Kasha la ngozi lililolowa ni baya kuliko mfuko mtupu, maana linashikilia unyevu siku nzima.

## Kisu hakikati, au loki haiaminiki

Kisu butu hakihitaji maelezo marefu, kinahitaji pembe isiyobadilika: nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Paka makali wino wa kalamu ya kuandikia maboksi, piga mara mbili kwenye jiwe, tazama wino umetoka wapi. Umetoka mgongoni mwa makali tu? Inua kisu kidogo. Umetoka nchani tu? Laza. Wino hukufundisha pembe kuliko mwalimu. Makali yenye meno hunolewa upande uliochongwa peke yake, kwa fimbo nyembamba, jino kwa jino.

Loki ni habari nyingine, na hapa sina mzaha. Kisu kikijifunga mkononi mwako kikiwa kazini, acha kukitumia hapo hapo. Tazama ndani ya mkato ambamo loki inaingia: punje ya mchanga au nyuzi zilizokandamizwa zinatosha kuizuia isikae. Safisha, fungua kwa nguvu ya kawaida, kisha gonga mgongo wa kisu polepole juu ya ubao, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Ikiteleza tena, kisu hicho ni cha fundi au cha kutupa. Kinyume chake, loki inayonata na kugoma kuachia huponywa kwa mistari michache ya penseli kwenye uso wake. Risasi ya penseli ni grafaiti, kilainishi kikavu.

## Ncha za koleo hazikutani, mdomo wa kukatia una pengo

Tim Leatherman alipata wazo la koleo hili mwaka 1975, akizunguka Ulaya na gari bovu la Fiat huku kisu chake cha mfukoni hakina koleo. Hataza yake ilitoka mwaka 1980, kifaa cha kwanza kikauzwa mwaka 1983. Lilibuniwa kwa mtu aliye mbali na sanduku la zana, na mikono yake ina maungio ambayo koleo la fundi halina. Ukilitumia kama nyundo, au ukikunja nondo nalo, ncha hupinda. Pengo dogo kwenye mdomo wa kukatia karibu daima limeletwa na waya mgumu wa springi. Baadhi ya modeli zina mdomo unaobadilishwa kwa skrubu mbili, na hilo ni jambo la kuuliza kabla ya kununua.

Bisibisi inayoruka kwenye skrubu kwa kawaida ni nzima. Haijalingana na skrubu, hasa kwenye pikipiki na vifaa vya Japani, ambavyo msalaba wake si sawa na wa Phillips, yaani msalaba wa kawaida, ijapokuwa unafanana kwa macho.

Mkasi ulioacha kujifungua wenyewe umevunjika springi. Kwenye visu vingi vya Victorinox, springi hiyo ndogo hutolewa na kubadilishwa kwa mkono ndani ya dakika mbili.

## Pa kuacha

Betri ya lithiamu iliyovimba, iliyobonyea au inayonukia utamu wa ajabu haitengenezwi. Iliyochanika karatasi ya juu tu inaweza kuvikwa nyingine. Zilizobaki zibandike ncha kwa utepe wa kunata, ziweke kwenye kopo la chuma mbali na vitu vinavyowaka, na uzipeleke panapopokelewa betri chakavu, si kwenye takataka za nyumbani. Ungio la koleo lenye ufa halichomelewi, maana moto wa kuchomelea hulainisha chuma kilichopikwa kiwandani, na litakatika siku utakayolishika kwa nguvu zote. Tochi ambayo kipimo cha waya kimekuonyesha kichwa kimekufa, toa springi, kioo na mipira yake uviweke kwenye kopo la vipuri. Tochi yako ijayo itavihitaji.